Kuongeza Mafuta Si Kutengeneza Breki

Je, mtu aweza kumdhulumu jirani yake kwa kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda? Wengi watacheka wakisikia swali hili. Dhuluma, watasema, ni kuiba, ni kupiga, ni kusingizia watu, ni kula mali ya yatima. Mpira wa breki ni shauri la fundi na spana zake. Lakini sisi twaona kwamba swali hili dogo lina uzito wake. Kila siku watu wengi hupanda mashine ambazo hawakuziunda, zinazoendeshwa na watu wasiowajua, zilizotengenezwa na mafundi wasiowaona. Uhai wao hutegemea vitu vilivyofichika. Basi yafaa tuulize: anayejua ubovu wa kitu kilichofichika ana deni gani kwa yule asiyejua?

Ili tusiseme maneno ya hewani, tuchukue mahali panapojulikana, yaani Wagenia. Mto Kongo ukisha kupita Ubundu huteremka kwa maporomoko saba yaitwayo Boyoma. Poromoko la mwisho liko karibu kabisa na mji wa Kisangani, ule ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Hapo wavuvi Wagenia husimika miti mirefu katika matundu ya mwamba, huifunga pamoja kwa kamba za mwituni, na kuning'iniza mitego mikubwa yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Nguvu ya maji huwasukuma samaki ndani ya mitego. Meli haziwezi kupanda maporomoko hayo, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilometa 125 toka ukingo wa kushoto wa mto hadi Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Mtu atakaye kufika ukingo huo kutoka katikati ya mji huvuka kwa kivuko au kwa mtumbwi.

Samaki wakisha kutolewa mitegoni yapasa wafike sokoni kabla hawajaharibika. Wengine huchukuliwa kwa mitumbwi, wengine kwa pikipiki, wengine kwa zile baiskeli za abiria ambazo watu wa Kisangani huziita toleka, wengine kwa motokaa. Tuseme basi kwamba mtu mmoja wa hapo ana Land Rover ya zamani, ya namna ile iliyoundwa kati ya mwaka 1958 na mwaka 1971. Huko Ulaya motokaa kama hiyo hutunzwa kama kitu cha thamani, na mwenyewe huitoa Jumapili kujifurahisha. Huyu wetu huitumia kutafuta chakula cha watoto wake. Hubeba samaki, mihogo, makaa na watu, na mara nyingine huteremka nayo ukingoni kuingia kivukoni. Mtu huyu tumembuni sisi, lakini hali yake si ya kubuni. Msomaji atamtambua katika mji wowote.

Asubuhi moja mtu huyu afungua kopo la mafuta ya breki na kuona yamepungua kwa upana wa vidole viwili. Anunua chupa ndogo, ajaza, akanyaga pedali, pedali yashika vizuri, aenda zake. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya mwezi chupa ile imekuwa sehemu ya motokaa, imewekwa chini ya kiti pamoja na jeki. Hakuna ajali iliyotokea. Hakuna abiria aliyelalamika. Je, kuna kosa?

Hatuwezi kujibu pasipo kujua kwanza breki hiyo yafanyaje kazi. Wasio mafundi watuvumilie kidogo. Jambo lenyewe si gumu.

Mafuta hayashindiliki kama hewa. Mtu akiyasukuma upande mmoja wa chombo kilichofungwa, nguvu ile hufika pande zote. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alieleza kanuni hiyo, na maandishi yake yakachapwa mwaka 1663. Ilichukua muda mrefu hata ikatumika katika motokaa. Za kwanza zilisimamishwa kwa vyuma na kamba za waya. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa motokaa yenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga pedali, fimbo husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Pistoni husukuma mafuta katika mirija myembamba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu, nazo husukuma viatu vya breki vikabana. Mguu ukiinuliwa, springi hurudisha kila kitu mahali pake.

Sasa, ni nini kiyazuiacho mafuta yasirudi nyuma ya pistoni wakati wa kusukumwa? Ni mpira. Mpira mmoja mdogo wenye ukingo laini, ulioegemea ukuta wa silinda. Motokaa nzima, pamoja na samaki, makaa na watu waliokaa juu yake, yasimama kwa sababu ukingo ule umeshika. Ukichakaa, mafuta hupenya. Kuna namna mbili za kupenya. Namna ya kwanza huonekana: mafuta hutoka nje, huteremka kwenye fimbo ya pedali, hudondoka miguuni pa dereva na kubabua rangi ya chuma. Namna ya pili haionekani: mafuta huvuka mpira mle mle ndani, wala tone halitoki nje. Dalili yake ni moja tu. Ukikanyaga pedali na kuushika mguu pale pale, pedali huzama polepole, kama mtu asinziaye.

Kuna jambo jingine la kujua. Motokaa za leo zina njia mbili za mafuta: moja ikivuja, ya pili hubaki. Marekani ililazimisha jambo hilo kwa sheria katika motokaa mpya za abiria kuanzia mwaka 1968. Ile Land Rover ya zamani ina njia moja. Mafuta yakikimbia, magurudumu yote manne huachwa kwa mara moja. Hubaki breki ya mkono, nayo katika Land Rover hizo haishiki magurudumu. Hushika shafti itokayo kwenye gia boksi. Ni breki ya kuegeshea. Dereva aitegemeaye kuisimamisha motokaa yenye mzigo katika mteremko wa kivukoni ana nafasi ndogo sana ya kuokoka, yeye na watu wake.

Tukisha kuyajua hayo, twaweza kurudi kwenye chupa iliyo chini ya kiti.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mtu wetu atajibu, “Mimi naziba kila siku!” Hapo ndipo penye udanganyifu, na tunadhani yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudanganywa. Kumimina mafuta juu hakuzibi kitu chini. Kunafanana na kupaka chokaa juu ya ufa: ukuta waonekana mzima, na ufa waendelea na kazi yake. Tena, kuongeza mafuta huondoa ile dalili iliyokuwa ikimwonya. Kama angaliacha bila kuongeza, pedali ingalilegea, akaogopa, akaenda kwa fundi. Kwa kuongeza, pedali yakaa imara kila asubuhi, na hofu yake yatulizwa kila asubuhi. Amenunua chupa ya kutuliza hofu, na hatari imebaki pale pale.

Twaona kwamba makosa mengi ya watu wema huwa ya namna hii. Mtu mbaya hufahamu afanyalo. Mtu mwema huchukua hatua ndogo ambayo yafanana na wajibu, kisha hatua ile yamzuia asiufikie wajibu wenyewe. Kila akimimina husema moyoni, “Angalau sikukaa bure.” Ni kweli hakukaa bure. Lakini ile kazi aliyoifanya ndiyo iliyomficha kazi iliyompasa.

Sasa tusikilize utetezi wake, maana haifai kumhukumu mtu kabla hajasema.

Neno lake la kwanza ni hili: “Nimekwenda hivi miezi mingi, wala halijatokea lolote.” Neno hili halina nguvu. Miezi ile yaonyesha tu kwamba mpira haujafika mwisho wake; haionyeshi kwamba hautafika. Ukingo wa mpira huchakaa kila pedali ikikanyagwa, nao hukanyagwa kwa nguvu zaidi siku ya hatari: mtoto akiruka barabarani, mbuzi akikatiza, kivuko kikiwa kimejaa. Yaani mpira mbovu huombwa nguvu zake zote siku ile ile ambapo hakuna nafasi ya kukosa. Kusalimika kwa jana si hoja; ni bahati, na bahati haina ahadi.

Neno la pili ni zito zaidi: “Sina fedha.” Hapa hatutaki kusema kwa ukali, kwa kuwa ni rahisi kwa mtu aliyeketi mezani na karatasi yake kumwambia maskini aegeshe motokaa yake. Masta silinda ya motokaa ya miaka sitini iliyopita haipatikani kila duka. Pengine itatoka Kinshasa kwa meli, safari ndefu ya mto. Pengine italetwa na wachuuzi wa barabara ya Bunia na Beni, kwa kupitia Bafwasende. Ikifika, huenda isiwe ya saizi yake. Wakati huo wote motokaa haiendi, watoto hawali, na mama mwenye samaki hana wa kumchukulia.

Twakubali kwamba umaskini hupunguza lawama. Mtu aliyeshindwa kununua si sawa na mtu aliyekataa kununua. Lakini yatupasa kutofautisha mambo mawili. Umaskini waweza kuwa udhuru wa mtu. Hauwezi kuwa breki ya motokaa. Gari lenye breki iliyovuja halimwogopi tajiri wala halimhurumii maskini. Linaporomoka vile vile. Kwa hiyo swali la kumuuliza huyu ndugu lakawa hili: “Je, ni haki gani ikupayo kulipia mahitaji yako kwa uhai wa mwingine asiyejua?” Angekuwa peke yake garini, na barabara haina mtu, tungemwambia jambo moja. Lakini nyuma yake wameketi watu sita juu ya magunia. Mbele yake watoto watoka shule. Hao hawakuulizwa. Yeye amekadiria hatari kwa niaba yao, akaona ni ndogo, akaipokea kwa jina lao. Mtu aweza kuipokea hatari yake mwenyewe, kama wafanyavyo wavuvi kila siku. Hatari ya mwingine haipokelewi hivyo kwa siri.

Labda mtu atauliza: “Basi akiwaambia abiria, neno limekwisha?” Kuwaambia ni jambo la haki, na ni afadhali sana kuliko kunyamaza. Abiria aliyeambiwa aweza kushuka. Hata hivyo neno halijaisha, kwa sababu mbili. Kwanza, abiria mwenye haraka au asiye na nauli ya kwingine hana hiari kamili. Hukubali kama mwenye njaa akubalivyo bei. Pili, yuko mtu ambaye hawezi kuambiwa kamwe: yule apitaye kando ya barabara na beseni kichwani. Huyo hakupanda, hakulipa, wala hakuchagua. Yeye ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote katika shauri hili, na ndiye asiyekumbukwa.

Neno la tatu la utetezi ni la haja. “Na kama usiku mwanamke ameshikwa na uchungu, na motokaa ni hiyo tu?” Hapo sisi hatusiti kusema: aende. Uhai ulio hatarini hakika wakubali hatari iliyopimwa. Lakini aende kama mtu ajuaye aendeshacho. Ajaze mafuta kabla ya kuondoka na kuchukua chupa nyingine. Aende kwa gia ndogo, mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka, asibebe mwingine ila yule alazimikaye, asiteremke mteremko awezao kuuepuka, na mtu mmoja atangulie kuwaondoa watu njiani ikihitajika. Kisha, mwanamke akisha kufika, motokaa isimame mpaka itengenezwe. Haja ya usiku mmoja haigeuki ruhusa ya mwezi mzima. Hilo nalo ni kosa la watu wema: hutumia siku ya lazima kuwa sababu ya siku zote zisizo za lazima.

Tuje kwa fundi. Naye ana shauri lake. Mwenye motokaa amwambia, “Nitilie mpira mpya tu, sina fedha ya silinda nzima.” Mara nyingine hilo lafaa kabisa. Kama ukuta wa ndani wa silinda ni laini, mpira mpya watosha, na kumwuzia mtu silinda nzima asiyoihitaji kungekuwa wizi. Lakini mafuta ya breki ya kawaida huvuta unyevu wa hewani, na Kisangani iko karibu mno na ikweta, nchi ya mvua na misitu. Maji yakiingia katika mafuta, chuma hushika kutu, na kutu huchimba vishimo katika ukuta wa silinda. Vikiwa vidogo sana, fundi aweza kuvisugua vikaisha. Vikiwa vya kina, mpira mpya ukipita juu yake huparuzwa kama kitambaa juu ya jiwe, na baada ya muda si mrefu motokaa itavuja tena.

Fundi ajuaye kazi husafisha silinda, huichungulia penye mwanga, kisha hupitisha kidole ndani. Ukucha ukikwama, ameujua ukweli. Kuanzia dakika hiyo hana tena haki ya kunyamaza. Aweza kufanya kazi ya bei ndogo, mradi aseme waziwazi: “Mpira huu hautadumu, na ukirudi kuvuja usipande nayo.” Lakini kuna kiasi ambacho hakivukwi. Akijua hakika kwamba motokaa haitasimama, asiirudishe barabarani kwa mkono wake, hata mwenyewe akitaka, hata akitishia kwenda gereji nyingine. Twajua atajibu: “Mimi nikikataa, jirani yangu atafanya, nami nitakosa mkate.” Yawezekana ikawa hivyo kweli. Hatutamdanganya kwamba uaminifu hulipa kila mara. Lakini jirani akifanya, itakuwa kazi ya jirani. Na huenda mwenye motokaa, akisha kukataliwa mara moja, akauliza kwa nini.

Tena kuna uovu ambao fundi asiukubali hata kwa dharura. Wako watu ambao, wakikosa mafuta ya breki, humimina mafuta ya injini, au maji ya sabuni. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki za namna hii, si ule mmoja tu bali yote hadi magurudumuni, na kazi ya shilingi kumi hugeuka kazi ya shilingi mia. Maji nayo huchemka upesi breki zikipata moto, na mvuke hushindilika kama hewa. Pedali huenda chini bure. Ni heri motokaa isiyokwenda kuliko motokaa iliyotiwa uongo wa namna hiyo.

“Lakini,” mtu atasema, “ni nani aonaye? Silinda iko ndani, mpira uko ndani ya silinda.” Hili ndilo jaribu kubwa la kazi zote za siku hizi. Nasi hapa tunataka kuwatazama tena wavuvi wa Wagenia. Wageni wakienda pale hutazama mitego na povu la maji. Twapenda watazame mafundo. Mvuvi atembeaye juu ya miti ile, na maji yakinguruma chini yake, amekabidhi uzima wake kwa kamba iliyofungwa, pengine si kwa mkono wake. Na mguu wa nguzo umo ndani ya tundu la mwamba, chini ya povu, mahali ambapo mtazamaji hapaoni. Mto ukifura waweza kung'oa nguzo hizo, nao husimika tena. Mtu akifunga fundo kwa ulegevu kwa kuwa hakuna aonaye, maji yataona. Kazi ile haikubali kamba ya kuonyesha watu.

Tofauti yao na dereva wetu ni moja. Mvuvi na yule aliyemfungia kamba hujuana; hula samaki wa mtego mmoja, na kesho mfungaji atapanda yeye mwenyewe. Hivyo uaminifu wao walindwa na ujirani. Barabarani ujirani ule umepungua. Fundi hamjui abiria, abiria hamjui fundi, na dereva huenda asiwaone tena wote wawili. Kwa hiyo kile kilichokuwa kikilindwa na macho ya jamaa sasa chapaswa kulindwa na dhamiri ya kila mtu peke yake. Mashine haikuondoa wajibu wetu wa kale. Imeufanya uwe mkubwa zaidi, kwa kuwa imetupa nguvu ya kumdhuru mtu tusiyemjua jina.

Je, abiria na watu wa mtaa hawana deni lao? Wanalo. Watu hulalamika dereva akitaka nauli kubwa kidogo, kisha hushangaa breki zikikosekana. Ikiwa motokaa ile ndiyo inayochukua samaki wa akina mama na wagonjwa wa mtaa mzima, basi si mali ya mtu mmoja tu kwa matumizi, ingawa ni yake kwa haki. Watu wa Kongo wajua vizuri likelemba: kila mmoja hutoa kidogo, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Kwa nini zamu moja isiwe ya silinda? Akina mama kumi wa samaki, wakitoa kidogo kila juma, waweza kukitafuta chombo ambacho dereva peke yake asingekipata kwa miezi. Wakifanya hivyo watakuwa pia na haki ya kuuliza: “Tuonyeshe kazi iliyofanyika.” Naye dereva, badala ya kununua chupa kila siku, aweke fedha ile ya chupa katika kopo siku motokaa imesimama, ajue mwisho wa mwezi amebakiza nini. Wengi wataona kwamba kuongeza kulikuwa ghali.

Silinda mpya ikipatikana, kazi yenyewe ina fundisho lake. Mafuta ya zamani humwagwa, wala hayarudishwi, maana yana maji na uchafu. Silinda hufungwa, hujazwa mafuta safi, kisha yapasa kutoa upepo ulioingia katika mirija, kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi. Hapo kwa kawaida huhitajika watu wawili. Mmoja hukaa kwenye pedali, mwingine hulala chini penye gurudumu na spana. Wa chini huita, “Kanyaga!” Wa juu hukanyaga na kushika. Wa chini hulegeza, mafuta hutoka na mapovu, kisha hukaza na kuita, “Achia!” Yule wa juu akiinua mguu kabla ya kuitwa, hewa hunyonywa tena ndani na kazi yaharibika. Haoni kinachotendeka chini. Hana ila neno la mwenzake. Huendelea hivyo gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yatoke bila povu.

Basi tujibu swali letu. Anayejua ubovu wa kitu kilichofichika ana madeni matatu kwa asiyejua: amwambie, asimtumbukize katika hatari kwa kuchagua yeye, na atengeneze mara awezapo, asijifariji kwa kuongeza. La kwanza lalipwa kwa ulimi, la pili kwa kujinyima, la tatu kwa fedha na jasho. Ugumu wa la tatu haufuti mawili yaliyotangulia, kwa maana hakuna aliye maskini kiasi cha kushindwa kusema kweli.

Wewe uliye na motokaa, kesho asubuhi kabla ya kupakia, kanyaga pedali ya breki kwa nguvu, uushike mguu pale pale, uhesabu taratibu hadi sitini. Kisha pitisha mkono nyuma ya pedali uone kama umelowa, na fungua kopo utazame mafuta. Pedali ikizama, au mkono ukilowa, au mafuta yakiwa yanapungua siku hadi siku, usitafute chupa. Waambie abiria wako leo hakuna safari, na kwa nini. Watanung'unika. Waache wanung'unike, wakiwa wamesimama salama kando ya barabara wana nafasi ya kufanya hivyo.